Shajara ya mradi: proksi ya kashe iliyokuwa inachelewa kuliko intaneti yenyewe

Jumatatu

Nafungua hii shajara ili yeyote atakayeshika hii seva baada yangu asianze kuchimba upya nilipochimba mimi. Hali ilivyo: tuna seva ya Squid imekaa katikati ya mashine za watu na intaneti, kazi yake kuweka kopi ya vitu vinavyoombwa mara kwa mara ili visivutwe upya kutoka nje, na malalamiko yanayokuja yanafanana yote, ukurasa unaganda, sekunde kadhaa hakuna kitu, alafu vyote vinamwagika kwa mpigo. Mtu akitoa proksi kwenye brauza yake mambo yanaenda freshi. Hilo la mwisho ndo linaniuma zaidi maana proksi ya kashe ambayo ukiizima ndo unapata spidi inafanya nini pale?

Mashine yenyewe siyo mbovu. RAM ya GB 16, prosesa ya kore 8, diski moja kubwa ya kuzunguka ya 7200 RPM kwa ajili ya kashe na nyingine ndogo, nayo ya kuzunguka, kwa ajili ya mfumo. Konfigi niliyoikuta ina cache_mem (kashe ya kwenye RAM) ya GB 8 na cache_dir (kashe ya kwenye diski) ya aina ya ufs ya GB 500, folda 16 na ndani ya kila moja folda 256 kama zinavyokuja na Squid yenyewe, na chini yake msururu wa sheria zilizorundikwa na watu tofauti tofauti. Kwenye kikao kila mtu alikuwa na dawa yake na dawa zote zilikuwa za kuongeza: ongeza kashe, ongeza RAM, ongeza laini. Nikaomba nipewe nafasi ya kupima kwanza. Leo sibadili hata mstari mmoja.

Jumatatu, jioni

Nimeshinda kwenye access.log, faili ambamo Squid inaandika kila ombi. Kwa asiyeijua, safu ya pili pale ni muda ambao ombi limechukua kwa milisekunde, na ya nne ndo ina zile alama za matokeo, TCP_HIT, TCP_MISS na ndugu zao. Kishawishi cha kwanza ni kupiga wastani wa hiyo safu ya pili, na ukipiga unapata namba ya kutisha, kwangu ilitoka zaidi ya nusu dakika kwa ombi. Namba hiyo ni ya kutupa. Trafiki ya HTTPS inapita kama CONNECT, yaani mteja anaomba afunguliwe njia tu, inaandikwa TCP_TUNNEL, na Squid inaiandika pale njia inapofungwa, kwa hiyo mtu aliyeacha ukurasa wa barua pepe wazi kutwa nzima anaonekana kama ombi moja lililochukua masaa. Hapo proksi haijachelewesha chochote. Pia muda ule unahesabu mpaka mteja amalize kupokea, kwa hiyo mwenye waya mbovu akishusha faili kubwa anaiharibia proksi jina bure.

Kwa hiyo nimetoa TCP_TUNNEL zote, nimebakiza majibu madogo yasiyofika KB 64, na badala ya wastani nikachukua ile ya katikati na ile ya asilimia 95 (maombi 95 kati ya 100 yako chini yake). Ndo nikaona kitu ambacho nilirudia kukihesabu nikidhani skripti imekosea:

TCP_MISS, yaani kitu hakipo kwenye kashe imebidi kiendewe nje, katikati ni ms 110.
TCP_HIT, kitu kipo kwenye diski yetu hapa hapa, katikati ni ms 240.
TCP_MEM_HIT, kitu kipo kwenye RAM kabisa, katikati ni ms 1, ila ile ya asilimia 95 inagusa ms 1900.

Yaani kwenda kukileta kitu kutoka ng'ambo ni haraka kuliko kukichukua kwenye diski iliyo futi mbili kutoka kwenye prosesa. Na kitu kilichopo RAM eti mara nyingine kinachukua sekunde karibu mbili. Hiyo ya pili ndo imeninyima raha kuliko ya kwanza. Diski ikichelewa naelewa, RAM ikichelewa sekunde mbili maana yake hiyo tunayoiita RAM siyo RAM.

Jumanne

Nilivyolala nikiwaza ndivyo ilivyokuwa. Nimepiga squidclient mgr:info na kuna mstari pale watu wanauruka, unasema page faults with physical i/o, idadi ya mara ambazo prosesi imetaka kipande cha kumbukumbu ikakuta hakipo RAM mpaka kikasomwe diski. Namba ilikuwa kubwa na ukirudia amri baada ya dakika imepanda tena. Nikafungua vmstat 1 pembeni, safu za si na so hazikai sifuri. Tunaswapu mchana kweupe, yaani RAM imejaa na keneli, moyo wa mfumo, inahamishia vipande vyake diski na kuvirudisha.

Sasa kwa nini, wakati cache_mem ni GB 8 na mashine ina 16? Hapa ndo hesabu ambayo naona haikuwahi kupigwa wakati seva inajengwa. cache_mem siyo kikomo cha prosesi nzima ya Squid, ni sehemu ya kuweka vitu vya moto tu, vile vinavyoombwa sana. Juu ya hapo kila kitu kilichopo kwenye diski kina rekodi yake ndani ya RAM, ndo faharasa inayomwambia Squid kwamba kitu fulani tunacho na kiko faili gani. Kipimo ambacho watu wa Squid wenyewe wanakitoa ni kama MB 14 za RAM kwa kila GB 1 ya kashe ya diski kwenye mashine za biti 64. Zidisha kwa 500, unapata MB 7000, GB 7 hizo za faharasa peke yake. Weka na zile 8 za cache_mem ni 15, bado soketi, bado bafa, bado keneli, bado programu nyingine za mfumo. Haitoshi na haijawahi kutosha tangu diski ijae. Ndo maana wazee wa hapa wanasema mwanzoni ilikuwa inaruka vizuri tu, kashe ilikuwa bado tupu na faharasa ndogo.

Na ubaya wa hiyo faharasa ni kwamba imepangwa kwa MD5 ya anwani (namba inayokokotolewa kutoka kwenye anwani na kuonekana kama ya kubahatisha), kwa hiyo maombi mawili yanayofuatana yanagusa sehemu mbili za RAM zisizohusiana kabisa. Keneli haiwezi kubahatisha ipi ibaki na ipi ipelekwe swapu, yoyote itakayoitoa itatakiwa muda si mrefu.

Alafu Squid kwa sehemu kubwa ni prosesi moja inayozunguka ikihudumia soketi zote kwa zamu. Inatakiwa isisubiri kitu kamwe. Ikigusa kipande kilichoko swapu, keneli inailaza mpaka diski ilete, na ikilala imelala kwa niaba ya kila mtu, ni basi moja lenye dereva mmoja, akishuka abiria wote wanasubiri. Ndo maana mwenye MEM_HIT anakaa sekunde mbili, kitu chake kiko tayari lakini wa kumkabidhi amelala kwa sababu ya ombi la mtu mwingine. Diski ya 7200 RPM inamaliza mzunguko mmoja kwa ms 8.3, kwa wastani unasubiri nusu yake, ongeza kichwa kusogea, unazungumzia ms 10 na ushee kwa kila kipande, na kipindi cha msongamano vipande vinakuja mamia kwa mamia.

Kwa hiyo lile pendekezo la kuongeza kashe ya diski lingetuzika kabisa.

Jumanne, usiku

Nimepata ruhusa ya kupunguza. Bosi aliuliza swali la msingi, "sasa tukipunguza kashe si hiti zitashuka?" Nikamwambia mkuu zitashuka kidogo, ila hiti inayochukua ms 240 haitusaidii kitu, bora misi ya 110. Akacheka akasema endelea.

Mpango: cache_dir ishuke mpaka GB 150, faharasa inakuwa kama GB 2.1. cache_mem GB 4. Kinachobaki chote kiachiwe keneli, nayo inatumia RAM iliyo wazi kushikilia mafaili yaliyosomwa karibuni, kwa hiyo hakipotei.

Angalizo kwa atakayefanya hivi: usibadilishe namba tu ukareload. Squid ikiona kashe ni kubwa kuliko kikomo kipya itaanza kufuta faili moja moja mpaka ifike, na hapa zilikuwa kama milioni 40 (GB 500 kwa wastani wa KB 13 kwa kitu), kila folda kati ya zile 4096 ina mafaili karibu elfu 10. Kufuta huko kungeila diski siku nzima na zaidi. Nimezima Squid, nikaformati upya ile patisheni nzima maana ni ya kashe tu, nikaimaunti na noatime ili kila kusoma kusizae kuandika, squid -z, nikaiwasha ikiwa baridi. Imechukua dakika chache.

Jumatano

MEM_HIT ya asilimia 95 imetoka ms 1900 hadi ms 3. vmstat imetulia, si na so ni sifuri mchana kutwa. Malalamiko yamepungua ila hayajaisha, wale wa "inaganda sekunde kadhaa" bado wapo, nitawarudia.

TCP_HIT ya diski imeshuka mpaka kama ms 90 ila kashe bado inajaa, siamini hiyo namba mpaka ijae.

Ijumaa

Nilijua. Imeanza kupanda tena, ms 130, na iostat -x inaonyesha diski ya kashe iko bize asilimia 98 na kila ombi linasubiri ms 60 kwenye foleni. Swapu haihusiki safari hii, ni kashe yenyewe inavyosoma na kuandika.

Tatizo la kwanza ni ule mtindo wa ufs. Ni wa tangu enzi, Squid inafungua faili, inasoma, inaandika, inafunga, yote ndani ya ule mzunguko mmoja, kwa hiyo kila mguso wa diski ni usingizi mwingine kwa wote. Kuna aufs ambayo muundo wa mafaili ni ule ule ila kazi ya diski inapewa thredi za pembeni, mzunguko mkuu unaendelea. Kubadili ni neno moja kwenye konfigi na kashe iliyopo inaendelea kutumika. Kwenye Linux sioni sababu ya mtu kubaki na ufs.

La pili ni vitu vidogo. Sehemu kubwa ya vilivyomo ni vipicha na vijisikripti vya KB mbili tatu, na kila kimoja ni faili lake, kufungua folda, kutafuta inodi, kusoma, kufunga, vichwa vya diski vinarukaruka kwa ajili ya baiti kiduchu. Kwa vidogo hivyo kuna rock, ambayo inaweka vitu vyote ndani ya faili moja kubwa lililogawanywa vyumba vya KB 16, na inaendeshwa na prosesi yake ya pembeni. Nimegawa: GB 20 ni rock kwa kila kisichozidi KB 32, GB 130 ni aufs kwa vikubwa kuliko hapo kwa kutumia max-size na min-size.

Kitu kizuri kuliko vyote kwenye rock, na sijui kwa nini hakisemwi sana, ni swap-timeout (swap hapa ni kusoma na kuandika kashe ya diski, siyo ile swapu ya RAM). Unaiambia Squid kwamba ikikadiria kusoma au kuandika kwenye diski kutazidi milisekunde fulani basi isihangaike, ichukulie kama kitu hakipo iende nje. Ndo hasa tulichokuwa tunahitaji. Nimeweka 100, kwa sababu misi yetu ni 110 na hakuna faida ya kusubiri diski zaidi ya hapo. Pamoja nayo max-swap-rate, inazuia maandishi yasije kwa fujo.

Kwa hapa niseme la moyoni. Squid ilizaliwa katikati ya miaka ya 90 kutoka kwenye mradi wa Harvest, toleo la 1.0 ni la 1996, na dunia ile laini ilikuwa nyembamba kiasi kwamba diski yoyote, hata mbovu, ilikuwa inakimbia kuliko intaneti. Ushauri mwingi tunaoukuta umeandikwa bado unabeba dhana hiyo, kwamba hiti ni ushindi siku zote. Laini zimenenepa mara nyingi sana na diski ya kuzunguka iko pale pale, mzunguko ni ms 8.3 jana na leo. Kwa hiyo mimi asilimia ya hiti naitazama ya pili, ya kwanza ni muda wa hiti ukilinganisha na muda wa misi.

Jumatatu nyingine

Wikiendi imepita salama. TCP_HIT imekaa ms 22 kashe ikiwa imejaa. Sasa wale wa kuganda.

Nimechora histogramu ya muda wa TCP_MISS, ndoo za nusu sekunde. Mlima wa kawaida uko kushoto chini ya nusu sekunde, sawa, alafu bonde, alafu kuna kichuguu kwenye sekunde 5 na kingine kidogo kwenye 10. Mtandao uliosongamana hauchori vichuguu kwenye namba nzuri hivyo, unachora mkia unaoteremka taratibu. Namba ya mviringo ni taimauti ya mtu fulani, ukiiona anza kutafuta nani ana taimauti ya sekunde 5. Kwenye Squid ni dns_retransmit_interval, muda inaosubiri kabla ya kurudia swali la DNS (kuuliza jina la tovuti lina anwani gani ya IP) kwa seva nyingine, na kama hujaigusa ni sekunde 5.

squidclient mgr:idns inatoa jedwali la seva za DNS na maswali yaliyotumwa na majibu yaliyorudi. Ya kwanza kwenye orodha: maswali maelfu, majibu sifuri. Ya pili inajibu yote. Ile ya kwanza ilishazimwa na bado iko kwenye /etc/resolv.conf, na Squid inasoma faili hilo inapowaka kama hujaweka dns_nameservers. Majina yaliyokwisha kuulizwa yanakaa kwenye kumbukumbu yake ndo maana siyo kila ombi lilikuwa linaganda, ni yale ya majina mapya au yaliyoisha muda, na ndo maana kila aliyekuja kujaribu mwenyewe kwa kufungua tovuti maarufu alikuwa anaona iko poa anaondoka.

Nimeweka dns_nameservers mbili zinazofanya kazi. Vichuguu vyote viwili vimetoweka ndani ya dakika.

Nilipokuwa humo humo nimekuta acl (sheria ya kutambua maombi) ya aina ya srcdomain, inamtambua mteja kwa jina badala ya anwani, maana yake kwa kila mteja Squid inauliza DNS kinyumenyume jina la IP yake. Mashine nyingi za ndani hazina jina kinyumenyume. Nimeibadili kuwa src na masafa ya IP, inafanya kazi ile ile bila kumuuliza mtu.

Jumatano

Saa za msongamano kore moja inagonga 95 mpaka 100 na nyingine saba zinaota jua. perf top inasema muda mwingi unaliwa na regexec ya libc, kazi ya kulinganisha maandishi na rejeksi, yaani ruwaza. Twende kwenye sheria.

Kuna faili la url_regex lenye mistari maelfu, tovuti zilizozuiwa. Kila ombi linapitishwa kwenye mistari hiyo mmoja baada ya mwingine mpaka upatikane unaofanana, na ombi halali ndo linaumia zaidi kwa sababu halifanani na wowote, linapita yote mpaka mwisho. Kusoma yale mistari, karibu yote ni majina ya domeni tu yaliyovikwa vinyota na mabano. Na kwa HTTPS kulinganisha anwani nzima hakuna faida kwa sababu Squid kwenye CONNECT inaona jina na poti basi, njia ya ukurasa haiioni.

Nimeyageuza kuwa dstdomain, jina linaanza na nukta ili lichukue na vijidomeni vyake. Hiyo Squid inaipanga kwenye mti, inafika kwenye jibu kwa hatua chache hata orodha ikiwa ndefu vipi. Inapowaka inalalamika kwamba domeni fulani ni mtoto wa nyingine iliyoko kwenye orodha, fuata malalamiko hayo ufute marudio. Zile chache ambazo kweli zinahitaji rejeksi zimebaki, nikaziweka mwisho kabisa baada ya sheria za bei rahisi. Kore ile sasa inacheza kwenye 30.

Mwenzangu wa upande wa mtandao akashauri, "kaka si uweke tu workers 4 zitumike na hizo kore zilizolala?" Inawezekana, tangu 3.2 Squid inaweza kugawanyika prosesi kadhaa. Ila aufs haijui kushirikiana, kila prosesi itataka folda yake, kitu kimoja kitahifadhiwa mara nne, na RAM ya faharasa inarudi pale tulipotoka. Kama kore moja inatosha sitaki kuingia humo. Tukihamia rock yote siku moja tutaongea.

Alhamisi

Kifupi: cache.log ilikuwa imejaa onyo kwamba kashe inaishiwa filedescriptors, nafasi ambazo kila faili au muunganisho ulio wazi unachukua moja. Kikomo kilikuwa 1024, na misi moja inaweza kula tatu kwa wakati mmoja, ya mteja, ya seva ya nje na ya faili la diski. Zikiisha Squid inaacha kupokea miunganisho mipya, mteja anaona kimya. Imepandishwa 16384, kwenye LimitNOFILE ya systemd na max_filedescriptors ya Squid, maana ukipandisha upande mmoja tu mwingine unabana. Hakikisha kwa mgr:info, usiamini konfigi.

Pia nilishuku poti za muda, zile ambazo mashine inapewa kila inapofungua muunganisho kwenda nje. Linux kwa kawaida inatoa kuanzia 32768 hadi 60999, na iliyofungwa inakaa TIME_WAIT, yaani kusubiri kabla ya kutumika tena, sekunde 60. Lakini kikomo hicho kinauma pale unapounganisha IP moja na poti moja mara nyingi mno, mfano proksi mama, na sisi tunaenda moja kwa moja kwenye maelfu ya seva tofauti. ss -s haikuonyesha cha kutisha. Nimeacha.

Jumanne

Sasa ndo nageukia asilimia ya hiti, kwa baiti iko chini ya 10. Kabla ya kulaumu kashe nimetenganisha trafiki: sehemu kubwa ni TCP_TUNNEL, imefungwa kwa HTTPS, Squid inaipitisha bila kuiona ndani, hakuna cha kuhifadhi. Kuna waliosema tuifungue kwa ssl_bump, Squid ijiweke katikati na kusoma kilichofungwa. Nimepinga kwa maandishi. Ni lazima uweke cheti chetu kwenye kila mashine, programu zinazokagua cheti maalum zinagoma, CPU inapanda, na zaidi ya yote tunaanza kuona nywila za watu na mambo yao ya benki kwa faida ya kuokoa vipicha. Haifiki bei.

Kilichobaki chenye faida ni HTTP tupu, na hicho hapa kwetu ni vifurushi vya programu. apt ya Debian na Ubuntu bado inavuta vifurushi kwa HTTP sehemu nyingi kwa sababu uhalali wake unalindwa na saini, na hizo mashine ziko nyingi zinavuta kifurushi kile kile. Hapa kashe inatakiwa kung'aa na haikuwa inang'aa.

Sababu ya kwanza, maximum_object_size. Isipoguswa ni MB 4, kikubwa zaidi hakihifadhiwi. Konfigi ilikuwa nayo, MB 512, ila imeandikwa chini ya mistari ya cache_dir, na cache_dir inachukua kikomo kilichokuwepo wakati inasomwa. Mstari uleule nimeuhamishia juu. Ndo hivyo tu.

Sababu ya pili, kuna programu za masasisho zinazoomba faili vipande vipande, na Squid haihifadhi jibu la 206, ndo jibu la kipande cha faili. Dawa yake ni range_offset_limit, inaifanya Squid ivute faili zima hata kama mteja kaomba kipande. Dawa kali hiyo. Ukiiwasha kwa wote, mtu anayeruka ruka ndani ya video ya GB 2 anaisababisha seva ivute GB 2 nzima kwa kila mruko. Nimeifunga kwa acl ya domeni za masasisho peke yake.

refresh_pattern, sheria za kitu kikae kwenye kashe muda gani: faili za .deb zina namba ya toleo ndani ya jina, hazibadiliki, nimeziacha zikae muda mrefu. Zile za orodha, InRelease na Packages, nimeweka zikaguliwe kila mara. Ukizizeesha hizo kwenye kashe moja mpya nyingine ya zamani apt inapiga kelele za Hash Sum mismatch na watu wanakuja mezani kwako na jazba.

Baiti zilizotoka kwenye kashe zimefika 27 kwa mia. Kwa trafiki ya leo naona ni heshima.

Ijumaa

Kuna mmoja alikuwa bado analalamika na nilikuwa namuona msumbufu, anasema kila saa kamili inaganda kidogo. Yuko sahihi. Kuna kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya squid -k rotate imewekwa kila saa. Wengi wanadhani inazungusha logi tu, kumbe wakati huo huo Squid inaandika upya swap.state, nakala ya faharasa kwenye diski, na inapoandika haihudumii mtu. Enzi za faharasa ya GB 7 sijui ilikuwa inachukua muda gani. Nimeihamishia saa 9 usiku mara moja kwa siku, na access.log imehamia diski ya mfumo isigombanie na kashe.

Yaliyobaki:

Kengele kwenye page faults za mgr:info, ikipanda tujue kabla watu hawajajua.

Squid ikiuliwa ghafla inawaka ikiwa chafu, yaani swap.state haikufungwa vizuri, na kuijenga upya faharasa kunachukua muda zaidi. Nataka kujaribu hilo makusudi usiku nipime inachukua muda gani kwa GB 130 za sasa.

SSD ya kashe imeombwa. Ikija swap-timeout irudi kupimwa upya, 100 itakuwa haina maana tena. Na kama kuna atakayependekeza kurudisha GB 500 kwa sababu SSD ina nafasi, hesabu ya MB 14 iko hapo juu kwenye Jumanne ya kwanza.